Jina la Dume la Ain Zarga

Tunis, 9 Januari 1994

Shangazi mpenzi,

Najua unaipima barua hii mkononi kabla ya kuifungua, unajisemea, "Huyu akiandika karatasi mbili ana shida." Mara hii sina shida, Shangazi. Nina habari.

Nimepewa ukurasa wa sayansi. Ukurasa mzima, kila Jumapili! Mhariri wangu, Bwana Taoufik, aliniita akaniambia, "Dorsaf, nipe kitu mtu anaweza kukisoma huku anakunywa kahawa. Usinipe atomu." Nikamwambia nitampa wanawake. Akacheka, "Wanawake wa wapi tena?" Nikamjibu: waliofanya kazi ya sayansi, majina yao yakamezwa. Akakuna shingo. "Haya. Anza na mmoja tuone kama gazeti litauzika."

Huyo mmoja ni wewe.

Usiitupe barua kwanza. Nimeona tangazo la Wizara ya Kilimo. Kituo cha Mitende cha Ain Zarga, kazini kwako kwa miaka yote ile, kinatimiza miaka hamsini Novemba hii. Siku ya sherehe, mtende dume nambari 17 utaandikishwa rasmi kwa jina la "Dume Lamouchi", kwa heshima ya mkurugenzi mstaafu "aliyegundua kwamba chavua yake huzikomaza tende aina ya degla mapema, kabla ya mvua ya vuli kuziharibu mtini."

Baba alipolisoma alirusha gazeti chini. Akasema, "Lamouchi aligundua nini? Huyo ni mti wa Chedlia!" Nikamuuliza kivipi. Akasema, "Muulize mwenyewe, mimi ni fundi viatu."

Basi nakuuliza. Jina likishaandikishwa halifutiki. Tuna miezi kumi.

Nakupenda,
Dorsaf


Ain Zarga, 18 Januari 1994

Dorsaf mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama mbele ya jiko, mchuzi ukaungua. Nimekula mkate na pilipili kwa sababu yako. Na baba yako mwambie ameniweka miaka ishirini bila kuniambia kwamba anajua.

Unataka nikusimulie. Nitakusimulia mara moja, na uandike ninavyosema.

Mtende una jike na dume. Jike huzaa, dume hutoa chavua, basi. Kila masika wakwezi wetu hupanda na vijiti vya maua ya dume, wakavifunga ndani ya mashada ya majike, kwa mkono, shada kwa shada. Wanakata kwenye dume lolote lililo karibu. Tangu babu zao wanasema dume ni dume, kama mtu anavyosema chumvi ni chumvi.

Mimi nikauliza: je, kweli dume ni dume?

Niliingia kituoni nikiwa na miaka kumi na tisa, naosha chupa. Nikasoma kwa posta, nikafanya mitihani, nikapata shahada Tunis nikiwa na miaka thelathini na minne, bila senti ya mtu. Nikarudi kituoni na shahada yangu, wakanirudishia cheo changu kilekile: fundi wa maabara. Sawa. Nikachukua madume tisa, nikayajaribu kwa misimu minne. Katika mti mmoja wa degla, shada hili kwa dume hili, shada lile kwa dume lile, yote nimeyavika mifuko ya karatasi ili chavua ya jirani isiingie. Mashada ya nambari 17 yaliiva siku kumi na moja, kwa wastani, kabla ya ndugu zao wa mti uleule. Siku kumi na moja ndizo zilizopo kati ya tende na uchachu, ikishafika mvua ya Oktoba.

Bwana Lamouchi alikuwa mkurugenzi. Mwaka 1973 makala ilichapishwa kwa Kifaransa, jina lake juu. Mimi nilishukuriwa chini kabisa, kwa "msaada wa mikono". Kana kwamba mikono yangu ilikuwa ikija kazini peke yake, kichwa nimekiacha nyumbani kinalala.

Sasa masharti. Usiandike kwamba nilikuwa wa kwanza duniani. Mmarekani mmoja aliandika tangu miaka ya ishirini kwamba chavua inaweza kubadilisha wakati wa tende kuiva. Nilimsoma, yeye ndiye aliyenipa swali. Changu mimi ni hiki: ni dume lipi, kwa degla yetu, na kwa siku ngapi. Ni kitu kidogo? Ni kidogo. Lakini ni changu.

Halafu usinilize machozi. Sikulia wakati ule, sitalia kwenye gazeti lako.

Shangazi yako,
Chedlia


Tunis, 7 Februari 1994

Shangazi,

Imetoka! Nakuambatishia. Nakala zimekwisha kwenye vibanda viwili karibu na ofisi, na yule mama anayeuza supu ya lablabi mtaani kwetu amekibandika kipande chake ukutani juu ya sufuria.

Utaona kuna mahali pamechangamshwa kidogo. Magazeti ndivyo yalivyo, msomaji asiposhikwa shati anapita zake. Kichwa cha habari ni kazi ya wahariri, usinilaumu. "MAMA WA TENDE: Mwanamke wa Jerid Aliyeishinda Dunia." Lakini si kinapendeza?

Bwana Taoufik amesema nimwandikie wa pili haraka. Nimempata mwanamke aliyehesabu mawimbi ya bahari huko Bizerte.

Umefurahi? Sema umefurahi.

Dorsaf wako


Ain Zarga, 15 Februari 1994

Dorsaf,

Jana nimekwenda buchani. Mwenye bucha aliniona tangu mlangoni, akapaza sauti, "Jamani mpisheni Mama wa Tende! Ameishinda dunia, asije akatushinda na sisi!" Watu wakacheka. Mmoja akauliza, "Dunia ilijitetea?" Mwingine, "Na nyama anataka ya bei gani, ya washindi?" Nimetoka na nusu kilo ya mafuta matupu kwa sababu sikuwa na uso wa kubishana.

Siku zangu kumi na moja umeziandika "karibu mwezi mzima". Mwanangu, kumi na moja si karibu na thelathini. Kumi na moja ni karibu na kumi. Madume tisa yamekuwa "mamia ya mitende". Umeniandika "alijitolea maisha yake jangwani". Mimi naishi mita mia mbili kutoka kituo cha mabasi. Na mwisho umeandika kwamba "kabla yake hakuna binadamu aliyewahi kulifikiria jambo hili". Nilikukataza kwa maandishi. Barua yangu unayo.

Na hicho kichwa cha habari umekiandika wewe. Bwana Taoufik hajui Jerid ni wapi, angeandika "Kusini". Usinifiche mambo madogo, nitashindwa kukuamini katika makubwa.

Sijakasirika kwa sababu ya kicheko. Kicheko cha buchani kinaisha na nyama. Nimekasirika kwa sababu umempa Lamouchi fimbo. Yule mzee si mjinga. Atainyanyua, utaona.

Jioni nimekipiga pasi kile kipande cha gazeti, kilikuja kimekunjwa vibaya. Picha ni nzuri. Ulitoa wapi picha ile? Nilikuwa mwembamba kumbe.

Chedlia


Tunis, 21 Februari 1994

Shangazi,

Ameinyanyua.

Jibu lake limechapishwa Jumapili, kwenye ukurasa wangu mwenyewe, na Bwana Taoufik amekataa kulifupisha hata neno. Nakunakilia sehemu inayouma: "Jambo ambalo Bi. Chedlia anadai kuwa wa kwanza duniani kuligundua lilichapishwa Amerika kabla hajazaliwa. Mtafiti yeyote analijua. Asiyelijua si mtafiti, na sioni aibu kusema kwamba nilimshukuru kwa kile alichonisaidia: mikono."

Simu hazikukoma. Mmoja alisema, "Nyie wanawake mkipewa ukurasa mnatia chumvi." Bwana Taoufik ameusimamisha mfululizo wote. Mwanamke wa mawimbi wa Bizerte ameng'olewa mashineni saa ya mwisho, mahali pake wameweka namna ya kutunza betri ya gari.

Kichwa cha habari ni changu, kweli. Na ile "mwezi mzima" ni yangu. Nilidhani kitu kidogo hakitasomwa. Nilitaka watu wakuone mkubwa, na sasa wanakuona mwongo, na uwongo ni wangu mimi. Sijui nianzie wapi. Nikuandikie kukuomba radhi gazetini? Nije? Niambie la kufanya nitalifanya.

Dorsaf


Ain Zarga, 6 Machi 1994

Dorsaf mwanangu,

Usije, nauli ni pesa. Na usiombe radhi gazetini. Radhi haikomazi tende. Kaa, soma, kuna mambo.

Nilipolisoma jibu lake nilivaa viatu nikaenda kituoni. Yeye Lamouchi bado huenda kila Jumatatu kunywa chai na mlinzi, ingawa amestaafu kabla yangu. Nikamwambia, "Bwana Mkurugenzi, umeandika sina kichwa."

Akasema, "Nimeandika ulicholazimisha niandike. Kwa nini ulidai dunia nzima?"

"Sikudai mimi. Ana miaka ishirini na sita aliyedai, na ananipenda. Tuache dunia. Nambari 17 nani alilipata?"

Akaangalia chai yake. "Chedlia, hayo ni ya zamani."

"Basi tufanye mapya. Msimu umefika. Tukate maua ya nambari 17, tulijaribu tena mbele ya watu. Kama haliivishi mapema, basi jina lichukue, halina faida kwa yeyote. Kama linaivisha, utasema mbele ya watu nani alikuonyesha."

Unajua alisemaje? Alisema, "Haya." Mara moja. Akachukua fimbo yake tukaenda kiungani.

Dorsaf, nambari 17 limekufa.

Limesimama, lakini kichwa kimechongwa hadi kwenye moyo, limebaki kama mswaki uliokwisha. Limegemwa! Mlinzi ndiye aliyetueleza, kwa furaha kabisa. Septemba iliyopita walikuja wageni wa Wizara kupanga sherehe ya miaka hamsini, wakataka kuonja tembo tamu la Jerid. Msimamizi akamwambia mgema achague mti usio na faida. Na hapa kwetu kila mtu anajua mti usio na faida ni upi: dume, kwa sababu halizai. Mgema akachagua dume lenye shina nene kuliko yote. Wageni walikunywa, wakasifu, wakarudi Tunis kuandika tangazo la kuupa jina mti waliounywa.

Lamouchi alishika lile shina kwa mikono miwili. Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Alisema, "Hawakuniuliza." Nikamwambia, "Hata mimi mwaka sabini na tatu hawakuniuliza." Tukabaki pale, wazee wawili na kisiki.

Nilirudi nyumbani kwa njia ya viungani, sikutaka kupita buchani. Nikamkuta Mabrouka, mjane wa mkwezi wetu wa zamani, anafunga maua ya dume mafungu mafungu ayapeleke sokoni. Nikamsalimu, nikamwambia habari ya msiba wa nambari 17, maana mumewe ndiye aliyenikwelea miaka ile yote. Akaniangalia kama mtu aliyepungukiwa akili.

"Lile la kituoni? Si watoto wake wako huku?"

"Watoto gani?"

"Machipukizi, bibi wewe! Marehemu si ulimwambia ayang'oe chini ya shina ayatupe, yanakuzuia kupita na ngazi? Mwanamume wa Jerid atupe chipukizi? Kapanda mawili kwangu, mengine kayagawa. Mengine yako Degache, mengine hata sijui." Kisha akainua fungu. "Unafikiri nauza nini hapa? Chedlia hizi."

"Unaitaje?"

"Chedlia. Sokoni kila mtu anasema hivyo. 'Nipe Chedlia mbili, nipe la kawaida moja.' Ina bei ya juu. Marehemu alisema ndilo dume la Chedlia, basi likabaki hivyohivyo. Hukujua?"

Sikujua. Maua ya dume huuzwa alfajiri mwezi mmoja tu kwa mwaka, wanaonunua ni wakwezi, mimi nilikuwa na miti ya serikali. Miaka ishirini wanaume wa Jerid wananiita jina langu sokoni na kunifunga mafungu, mimi niko nyumbani nanung'unika. Na ni dume! Lina ndevu mpaka chini! Mabrouka alicheka hadi akakaa.

Lakini nisikilize, usikimbilie kalamu. Jina la sokoni si ushahidi. Watu huita vitu majina kwa sababu yoyote. Jaribio ndilo ushahidi, na tunaanza Alhamisi: mti mmoja wa degla wa Mabrouka, mashada kumi na mawili. Sita kwa chavua ya chipukizi la nambari 17, sita kwa dume la kawaida alilolichagua Lamouchi mwenyewe. Mabrouka ndiye atakayefunga nyuzi, nyekundu na nyeupe, na yeye peke yake ndiye atakayejua rangi ipi ni ya chavua ipi. Mimi nisijue, Lamouchi asijue. Hapo hakuna atakayesema nimeziona kwa jicho la tamaa.

Kazi yako: mwombe Bwana Taoufik vidole vinne vya nafasi, chini ya betri za magari, mara moja kwa mwezi. Andika kilichoonekana tu. Usiandike "ajabu". Usiandike "siri".

Shangazi yako,
Chedlia


Tunis, 12 Juni 1994

Shangazi mpenzi,

Vidole vinne vimekuwa robo ukurasa. Nani angedhani? Naandika "Mashada mekundu: kijani, ukubwa wa zeituni. Mashada meupe: kijani, ukubwa wa zeituni," basi, na barua zinakuja kwa gunia. Mwalimu wa Sousse anawachoresha wanafunzi wake grafu. Kinyozi wa Bab Souika amegawanya wateja wake: wekundu upande huu, weupe upande ule. Bwana Taoufik mwenyewe aliniuliza jana akipita, kama hajali, "Zile tende zako vipi?" Nikamwambia kijani. "Zote?" Zote. "Mh," akaenda zake, kisha akarudi: "Mwanamke wako wa mawimbi mweke Jumapili."

Kuna moja nilitaka nikufiche, nimekumbuka ulivyosema. Bwana Lamouchi alikuja ofisini. Amekuja Tunis kwa daktari wa macho. Alikaa kwenye kiti changu, akanywa kahawa yangu, akasema vidokezo vyangu sasa vimeandikwa vizuri. Kisha akasema, "Shangazi yako anadhani nilimwibia. Miaka ile, binti yangu, karatasi yenye jina la fundi wa kike wa Jerid isingefunguliwa hata bahasha yake. Nilitaka kazi ile isomwe."

Nilikuwa na majibu kumi, nikamjazia kikombe tena badala yake. Nilikosea? Je, alikuwa anasema kweli?

Dorsaf wako


Ain Zarga, 20 Juni 1994

Dorsaf mwanangu,

Hukukosea. Mzee akija na macho mabovu hupewa kahawa.

Kama alisema kweli? Labda bahasha isingefunguliwa. Lakini alikuwa anaweza kuja kwenye meza yangu, hatua chache, akasema, "Chedlia, hawataifungua, tufanyeje?" Ningemwambia weka majina mawili, lako mbele. Ningekubali! Nilikuwa tayari kukubali kidogo kuliko anavyofikiri. Hakuja. Hilo ndilo ninalomdai, wala si zaidi.

Mashada yote kijani. Mekundu naona kama yamenenepa, lakini naona ninavyotaka kuona, kwa hiyo usiandike. Mabrouka nimempikia mkate uliojazwa vitunguu mara tatu aniambie rangi ipi ni yangu. Anakula, anafuta mdomo, anasema, "Mtamu. Uliza Oktoba."

Chedlia


Ain Zarga, 16 Oktoba 1994

Dorsaf mwanangu,

Andika hivi, na usiongeze.

Mashada mekundu yalianza kuiva mwishoni mwa Septemba. Tarehe mbili Oktoba yote sita yalikuwa tayari: ukiinua tende juani unaiona kokwa ndani kama kivuli nyuma ya pazia. Meupe yalikuwa bado magumu, ya njano. Tarehe tisa ikanyesha siku mbili mfululizo. Mashada meupe manne kati ya sita yamepasuka na kuchacha. Mekundu tulikuwa tumekwisha kuyavuna.

Hayo ya gazeti. Sasa yetu.

Siku ya kuvuna walikuja watu hata nisiowajua. Mwenye bucha alikuja na kiti chake! Lamouchi alisimama na miwani yake mipya. Mimi nilihesabu nyuzi nyekundu mara tatu. Maana fikiria, Dorsaf: mekundu yameiva, sawa, lakini nyekundu ni dume lipi? Ikiwa nyekundu ni lile la Lamouchi, basi miaka ishirini nimenuna bure.

Nikasema, "Mabrouka, sema."

Akasema, "Mnataka kujua sasa, au mnywe chai kwanza?"

Mwenye bucha akapiga kelele, "Mwanamke, sema kabla sijazeeka!"

"Wewe umezeeka zamani, hukuambiwa?" Kisha akapangusa mikono kwenye shuka lake. "Nyekundu ni Chedlia."

Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilitazama chini, nikajidai natafuta mkasi. Lamouchi akachukua tende kwenye shada jekundu, akaila polepole mpaka kokwa, akasema kwa sauti ya mkutanoni, ile aliyokuwa anasomea ripoti: "Mwaka 1969 Bi. Chedlia Ben Othmane alikuja ofisini kwangu akasema madume hayalingani. Nilimwambia aache upuuzi. Alinionyesha nambari 17 mwaka uliofuata. Makala ilikuwa yake." Kisha akaniambia mimi, chini chini, "Ningekuja kwenye meza yako. Niliona aibu ya kuomba ruhusa kwa fundi."

Kumbe umemwambia, wewe! Nilikuandikia wewe, si yeye.

Nimemfungia kilo mbili, za mekundu.

Shangazi yako,
Chedlia


Tunis, 8 Novemba 1994

Shangazi mpenzi,

Nilimwambia, ndiyo. Nigombeze ukimaliza kusoma hii.

Bwana Lamouchi amekwenda Wizarani kwa miguu yake na kuliondoa jina lake. Na mwandikishaji, kijana mmoja mkavu kama risiti, akasema hata asingeliondoa lisingepita: mmea unaojulikana tayari sokoni kwa jina fulani huandikishwa kwa jina hilo. Walituma mtu Jerid kuuliza. Ameuliza masoko matatu na kote ameambiwa jina moja. Kwa hiyo siku ya sherehe, mbele ya Waziri, jina la mtende dume litasomwa: "Chedlia".

Bwana Taoufik anataka ukurasa mzima. Kichwa cha habari nimekuachia wewe, nimeogopa. Je, umefurahi sasa?

Dorsaf


Ain Zarga, 14 Novemba 1994

Dorsaf mwanangu,

Mti uitwe hivyo, nimeshukuru, Mabrouka ataongeza bei. Lakini fikiri kidogo. Mti una jina langu. Kazi bado haina. Mtu akisoma "Chedlia" miaka hamsini ijayo atadhani ni bibi wa mtu, au mbuzi.

Huo ukurasa mzima, nipe mimi. Niuandike mwenyewe: nilivyouliza, nilivyojaribu, nilipokosea, Mmarekani aliyetangulia, hesabu zote, mkwezi na mkewe kwa majina yao kamili. Wewe usiguse isipokuwa koma. Kichwa cha habari: "Dume si Dume Tu: Jaribio la Misimu Mitano". Kisipomshika msomaji shati, apite.

Na jina langu liwekwe juu, si chini.

Chedlia


Ain Zarga, 4 Desemba 1994

Dorsaf mwanangu,

Gazeti limefika Jumatatu na basi la Tozeur. Nilinunua matatu. Moja nimemchukulia baba yako, moja la Mabrouka, ambaye hajui kusoma lakini anajua jina la marehemu mumewe linavyoandikwa na amelikata akalitia kisandukuni. La tatu nimelisoma mezani, mchana kweupe, na chai, kama watu wako wa kahawa. Jina liko juu. Herufi ni kubwa kuliko nilivyotegemea. Nililifunika kwa kiganja, nikalifunua.

Kisha nikaanza kusoma kwa penseli, na safu ya tatu nikalikuta. Wastani wa msimu wa pili nimeandika siku kumi na nne. Ni kumi na mbili. Niliangalia rasimu yangu: ni mkono wangu, wewe hukugusa, mchapaji hakugusa. Nimekosea mimi, baada ya kukugombeza mwaka mzima. Nilikaa na lile kosa nusu saa nzima, nikiwaza nikuandikieje.

Alhamisi ikafika barua ya Lamouchi, kaituma kwa posta ingawa tunakaa mtaa mmoja. Ameliona. Amepiga hesabu upya kwa macho yake yale mabovu, karatasi nzima, na anataka sahihisho lichapishwe. Nakuambatishia, lichapishe lote, usimfupishe. Ila bahasha nimebaki nayo. Ameandika: "Kwa Bi. Chedlia Ben Othmane, Mtafiti, Ain Zarga. Kuhusu kosa katika makala yako."

Makala yako, amesema.

Shangazi yako anayekupenda,
Chedlia